PALE MTO UNAPOINGIA ZIWANI



Somo la Ijumaa hii limetokana na ulizo la kijana mmoja wa madrasa. Alinijia kiisha swala ya alasiri akiwa na picha iliyochapwa kwenye karatasi. Ilikuwa picha ya bahari yenye rangi mbili, upande huu buluu, upande ule kijani, na katikati mstari wa povu. Chini yake paliandikwa kwamba hizo ndizo bahari mbili zinazotajwa katika Kurani, kwamba maji yake hayachanganyiki hata kidogo, na kwamba mtaalamu mmoja wa Ulaya alipoyaona akasilimu palepale. Kijana akaniuliza: "Mwalimu, hii ni kweli? Na kama ni kweli, mbona mto wetu ukiingia ziwani unachanganyika?"

Nilimwambia angoje. Ulizo kama hilo halijibiwi mlangoni, viatu mkononi.

Kwanza tuyaweke mambo ya dini pahali pake. Kurani inagusa jambo hili mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani: Furqan aya ya 53, Naml aya ya 61, Fatir aya ya 12, Rahman aya ya 19 na 20. Na katika sura ya Kahf, kuanzia aya ya 60, Nabii Musa (a.s.) anashika safari mpaka kwenye makutano ya bahari mbili. Katika Furqan na Rahman, neno linalotumiwa kwa kile kilicho kati ya maji na maji ni barzakh, neno lilelile tunalolitumia kwa hali ya mtu kati ya kufa na kufufuliwa. Sasa, nani kati yetu anafikiri barzakh ya kaburini ni ukuta wa matofali? Barzakh ni kitu kilicho kati ya vitu viwili. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Pili, habari ya yule mtaalamu aliyesilimu. Wengi humtaja Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, aliyepiga filamu nyingi za chini ya bahari. Yeye alifariki mwaka 1997, na misa ya maziko yake ilisomwa katika kanisa la Notre-Dame, Paris. Basi tuache kuisambaza habari hiyo. Neno la Mwenyezi Mungu halina haja ya kusaidiwa na uwongo wetu, na kijana atakayegundua kesho kwamba tulimdanganya katika jambo dogo hatatusikiliza tena katika jambo kubwa.

Tatu, maji yenyewe. Hapa hakuna haja ya kwenda mbali. Chukua glasi safi, au chupa ya plastiki uliyoikata juu. Tia maji hadi nusu, koroga ndani yake vijiko viwili vya chumvi mpaka iyeyuke yote. Kiisha chukua chai ya rangi iliyopoa, isiyo na sukari (ninasisitiza isiyo na sukari, sababu sukari nayo huongeza uzito, na watoto wangu walinichekesha sana mara ya kwanza). Imimine polepole juu ya mgongo wa kijiko ulichokiegemeza kwenye ukingo wa glasi. Utaona chai inakaa juu, maji ya chumvi yanabaki chini, na katikati pana mstari uliokaa sawasawa kama umepigwa kwa rula. Tikisa kidogo: mstari unayumba lakini haukatiki. Iache glasi mpaka kesho: mstari umefifia, umekuwa mpana, rangi zimeanza kuingiliana. Koroga kwa kijiko: kwisha, ni maji mamoja.

Hiyo ndiyo sababu yote. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, ndiyo vijiko sita vya chai, na uzito wake ni kama gramu 1,025. Lita ya maji ya mto ni gramu 1,000 tu. Tofauti ni ndogo, mkono wako hauwezi kuisikia, lakini yatosha kuyafanya maji matamu yapande juu na ya chumvi yajipenyeze chini. Kizuizi kipo kweli. Ila si cha kioo. Ni uzito. Na upepo, mawimbi na kupwa na kujaa kwa bahari ndiyo kijiko kinachokoroga. Karibu na mdomo wa mto kizuizi kina nguvu, mbali zaidi kinalegea, na mwisho maji matamu humezwa na bahari. Kwa hiyo, kijana wangu, picha yako yaweza kuwa ya kweli, ila maandishi ya chini yake yamezidisha.

Kama unataka kuyaona haya katika inchi yetu wenyewe, yako Banana, karibu na Muanda, pale mto Kongo unapoingia katika Bahari ya Atlantiki. Hakuna mto duniani unaomwaga maji mengi kuliko huo isipokuwa Amazon. Kwa wastani ni mita za ujazo 41,000 hivi kwa kila sekunde. Mama zetu wanaobeba maji kichwani wataelewa zaidi nikisema hivi: ni bidoni za lita 20 zaidi ya milioni mbili, kila sekunde, usiku na mchana. Maji hayo hayatulii mara moja. Yanatanda juu ya bahari mfano wa mkeka, na dalili zake huonekana mamia ya kilomita kutoka pwani. Mreno Diogo Cão alipofika pale mwaka 1482 aliujua ukubwa wa mto kwa namna ulivyousukuma nyuma uchumvi wa bahari. Na chini ya mkeka huo, maji ya chumvi yanaingia kinyumenyume, yakipanda ndani ya mdomo wa mto huku maji ya mto yakitoka juu yake. Mto mmoja, njia mbili, kwa wakati mmoja. Pembeni, pale ambapo maji si matamu wala si machungu, imeota misitu ya mikoko, miti inayosimama juu ya mizizi yake kama kuku aliyechutama matopeni. Tangu mwaka 1992 misitu hiyo ni hifadhi ya taifa, na ndani yake anaishi nguva wa mtoni, mnyama mkubwa mpole anayekula majani ya majini na ambaye binadamu amemmaliza karibu kabisa kwa sababu ya nyama yake.

Kuna jambo moja la Banana ambalo ni lazima niwasimulie kabla hatujarudi kwetu. Mito mikubwa mingi hujenga inchi mpya mdomoni mwake, udongo ukirundikana mpaka watu wakalima juu yake, kama mto Naili kule Misri. Mto Kongo haukufanya hivyo. Chini ya maji pale mdomoni pana bonde refu sana, lenye kuta kama za korongo, ambalo linaanza ndani ya mto wenyewe, kama kilomita 30 kabla ya kufika baharini, kiisha linashuka chini ya bahari mpaka kina cha kilomita karibu tano. Udongo wote unaoletwa na mto unaporomokea humo. Mwishoni mwa mwaka 2019 mto ulifurika kuliko ulivyofanya kwa miaka mingi. Watu wa Kinshasa wanaikumbuka Desemba ile. Tarehe 14 Januari 2020 udongo uliorundikana mdomoni ukateleza. Ukakimbia chini ya bahari zaidi ya kilomita 1,100 kwa muda wa siku mbili, na mwendo wake mbali baharini ulikuwa umezidi ule wa mwanzo. Njiani ukazikata nyaya mbili kubwa zilizolazwa chini ya bahari, ambazo zilikuwa zikipitisha intaneti ya upande wa magharibi wa Afrika, toka Nigeria mpaka Afrika ya Kusini. Wengine wetu tuliwalaumu wauzaji wa unite siku zile. Kumbe lilikuwa tope.

Na tope hilo ni la nani? Hapo ndipo ninapotaka tufike. Sehemu yake ni yetu sisi.

Fuateni njia ya maji. Ziwa Kivu liko juu, mita 1,460 hivi toka usawa wa bahari. Maji yake hutokea Bukavu kwa njia ya mto Ruzizi, yanashuka mabonde na mabwawa ya umeme, yanaingia katika uwanda wa Ruzizi, na kati ya Uvira na Bujumbura yanajitupa katika Ziwa Tanganyika, ambalo liko mita 770 tu na kitu. Mwendo usiozidi sana kilomita mia moja, na mteremko wa karibu mita 700. Toka Tanganyika, maji mengi hurudi mbinguni kwa nguvu za jua. Yaliyobaki hutoka Kalemie kwa mto Lukuga, yakaingia Lualaba, ambayo ndiyo mto Kongo wenyewe, yakapita Kindu na Kisangani na Kinshasa, mpaka Banana. Tone lililo ndani ya bidoni yako ya kutawadhia lingeweza, kama lingeachwa liende, kuiona Atlantiki.

Lakini udongo haufuati safari hiyo nzima. Mwingi wa udongo wa milima yetu unabaki ndani ya Tanganyika, sababu ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal kule Urusi. Kinachozama humo hakitoki tena.

Sasa tutazame nini hutokea pale mdomoni. Mto unaoshuka mlimani ni mfano wa mpagazi mwenye nguvu. Wakati wa mteremko anabeba kila kitu: mawe, kokoto, mchanga, udongo, na siku hizi sashe na chupa. Akifika tambarare nguvu zinapungua. Anatupa chini kilicho kizito kwanza, ndiyo mawe. Mbele kidogo anatupa kokoto. Halafu mchanga. Kule ziwani, pale maji yanaposimama, anaacha ule udongo laini unaopaka maji rangi ya kahawa ya maziwa. Ukisimama pahali pa juu Uvira asubuhi baada ya mvua ya usiku utaona yote hayo wazi: ziwa buluu, na mbele ya kila mto ulimi wa rangi ya udongo. Wakati mwingine ulimi huo unakatika ghafla, kama umezama. Umezama kweli. Maji ya mlimani ni baridi, tena yamebeba tope, ni mazito kuliko maji ya ziwa yenye joto, kwa hiyo yanapiga mbizi na kuendelea kutembea chini. Ni barzakh ileile, ila hapa si chumvi inayoleta uzito, ni baridi na tope.

(Chumvi nayo ipo, kwa kiasi chake. Maji ya Kivu yana madini mengi kwa sababu ya volkano, na Ruzizi ndiyo iliyoleta sehemu kubwa ya madini yaliyomo Tanganyika. Maji ya ziwa letu si matupu kama ya mvua, na mama yeyote anayefua kwa sabuni anajua.)

Mdomo wa mto ni pahali pa riziki. Tope jema, kwa kiasi, ni chakula. Ruzizi inapogawanyika mikono na kuingia katika matete, hapo samaki wadogo hujificha, viboko hula majani, ndege wageni hutua. Ndiyo sababu mvuvi anayetega mdomoni kwa neti ya mbu anajaza beseni haraka: anavua watoto. Beseni moja la vitoto vya leo ni mitumbwi kadhaa ya mwakani ambayo haitajaa, na mvuvi mwenyewe anajua hivyo kuliko mimi.

Tope likizidi, hali inageuka. Katika Tanganyika wanaishi samaki wa mawe wa aina zaidi ya 200, na wengi sana kati yao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Wanakwangua ukijani ulioota juu ya mawe, na wanazaa katika nyufa zake. Mawe yakifunikwa na tope, hakuna chakula, hakuna kitanda. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walilinganisha fukwe za ziwa zilizo chini ya milima iliyokatwa miti na fukwe ambazo juu yake msitu ulibaki. Pale penye tope jingi, aina za samaki na za wadudu wadogo wa majini zilikuwa chache zaidi. Mkaa unaochomwa mlimani unamfikia mvuvi chini, hata kama mchoma mkaa na mvuvi hawajaonana siku hata moja.

Nije sasa kwa yale yaliyonifanya niandike. Wageni wakifika Uvira huuliza namna mji ulivyoweza kukaa pale, kati ya milima ya Mitumba na ziwa, pahali ambapo mlima ungepaswa kuingia majini moja kwa moja. Jibu ni mito yenyewe. Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge: kila mmoja ukitoka mlimani umetupa mawe na mchanga wake kwa maelfu ya miaka, umeutandaza mfano wa upepeo wa mkono uliofunguliwa, mshikio wake mlimani na ukingo wake ziwani. Juu ya pepeo hizo ndipo tulipojenga. Na mto unaojenga upepeo haukai njia moja. Ukijaza njia yake kwa mawe, njia inakuwa juu kuliko pembeni, basi siku ya mvua kubwa mto unaruka na kushika njia nyingine. Si kwamba umepotea. Unarudi katika parsele ambayo ilikuwa yake kabla ya babu zetu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 17 Aprili 2020, wiki moja hivi kabla ya mwezi wa Ramadhani, mvua ilinyesha milimani na Mulongwe ukatoka pamoja na wenzake. Makumi ya watu walikufa. Maelfu ya nyumba zilikwenda, daraja likavunjika, mabomba ya maji yakaharibika. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo hata swala ya Ijumaa ya kukutana na kupeana pole hatukuipata. Kila mtu alizika wafu wake kando kando. Kiisha, ziwa lenyewe likapanda, mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2024 likafika kimo ambacho wazee walikilinganisha na mafuriko ya miaka ya 1960. Toka Kalemie mpaka Bujumbura watu walihama. Ziwa likipanda, mdomo wa mto nao unasogea nyuma, mto unachoka mapema, unatupa mawe yake mapema, ndani ya kartie badala ya ukingoni. Hayo mawili, mto na ziwa, yanakwenda pamoja.

Mimi nilikuwa na parsele karibu na Mulongwe. Niliinunua miaka mitatu kabla ya hapo. Aliyeniuzia, sitamtaja, aliniambia kwamba ardhi ni tambarare, kwamba haina mawe makubwa, kwamba maji ya kufyatulia matofali yako karibu. Yote ilikuwa kweli. Hakusema ni kwa nini ni tambarare. Nilijenga vyumba vitatu, nikampangisha mama mjane na watoto wake. Usiku ule walitoka na nguo walizovaa, wakapanda juu, na Mwenyezi Mungu akawaokoa wote. Asubuhi nilikuta pembe moja ya ukuta, na juu ya vingine vyote mchanga mzuri, mpya, umejilaza sawasawa kama sakafu iliyopigwa sima.

Miezi minane baadaye alinijia mtu anataka kununua. Alikuwa ametoka mbali, hakuwapo Uvira mwezi wa Aprili. Aliiona parsele, akaipenda, akataja bei ambayo ingenirudishia karibu hasara yangu yote. Na mimi, ndugu zangu, mimi ninayewaandikia karatasi hii, nilikaa kimya. Sikusema uwongo hata mmoja. Nilimwacha aseme mwenyewe: "Ardhi hii ni tambarare, haina mawe." Nikaitikia kwa kichwa. Tukaagana kwamba atarudi na feza baada ya siku mbili.

Usiku wa kwanza nililala. Usiku wa pili nikaikumbuka hadithi iliyopokelewa na Imam Muslim, wengi wetu tunaijua: Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ilinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kavu juu, majimaji chini. Niliposoma hadithi hiyo madrasani nikiwa mtoto nilifikiri habari ni ya nafaka.

Yule mtu aliporudi nilimpeleka mpaka kwenye ile pembe ya ukuta, nikamwonyesha alama ya maji, nikamwambia habari ya usiku ule na ya mama mjane. Alinitazama kwa muda. Hakunishukuru. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ya kwanza, na sikuwa na jibu. Akaenda zake na feza zake. Parsele ile leo ina ndizi na miwa, ambayo hukua sana, kwa sababu tope la mto ni mbolea, na siku mto ukirudi utachukua miwa, hautachukua watoto.

Fukaha wanasema wazi kwamba muuzaji anayejua kasoro ya kitu na asiiseme, mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Hiyo ni haki ya feza. Lakini parsele ya mdomo wa mto haina kasoro ya namna ya mbuzi kilema. Aliyenunua mbuzi kilema atakuja kukurudishia. Aliyenunua pale, huenda asirudi.

Wengi wameniuliza habari ya maji ya kutawadha pahali hapo, hasa wavuvi wanaoswali alfajiri ufukweni. Jibu ni jepesi: maji yaliyogeuka rangi kwa udongo tu hayajatoka katika usafi wake, udhu wako ni sahihi. Yaliyogeuka rangi, ladha au harufu kwa najisi hayafai. Na ndugu, mito yetu inapita nyuma ya vyoo kabla ya kufika hapo. Sogea mtumbwi mbali na mdomo ndipo uchote. Kunywa ni jambo lingine kabisa. Kipindupindu hakijaiacha Uvira kwa miaka mingi, na maji yanayoonekana safi yaweza kukibeba: yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa ya kisimamo cha alfajiri.

Kwa yule anayetaka kununua, au anayeuza na hajui kwa hakika kilicho chini ya miguu yake, kuna namna ya kuiuliza ardhi yenyewe. Ngoja siku ya kuchimba shimo la choo, hata kama ni la jirani, uombe ruhusa uchungulie. Tazama ukuta wa shimo kabla haujaharibika. Ukiona udongo mwekundu wa namna moja toka juu mpaka chini, huo ulizaliwa hapo. Ukiona tabaka la mchanga, chini yake tabaka jembamba la udongo mweusi lenye mizizi mikavu, kiisha mchanga tena, kiisha kokoto za mviringo, laini kama mayai, basi kila mchanga ni usiku mmoja wa mvua, na kila udongo mweusi ni miaka ambayo watu walidhani mto umekwenda zake. Hesabu tabaka. Katika shimo langu, mita mbili na nusu, nilihesabu saba.